Safu Iliyokosekana katika Shajara Yetu

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Maskati, Dubai, London, Mombasa, Unguja na huku kwetu Kanada,

Asubuhi moja ya majira ya baridi ya mwaka 2022 nilikaa mbele ya daktari kijana katika kliniki ndogo hapa Don Mills, mtaa niliouishi kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya goti. Alipokwisha kulitazama akafungua ukurasa mwingine katika kompyuta yake, akaniuliza kwa upole: "Katika familia yenu yupo aliyewahi kuugua saratani ya tezi dume? Baba, kaka, ami, babu?"

Nanyi mwanijua. Mimi ndiye niliyekesha miaka na miaka nikikusanya shajara yetu, nikiwapigia simu mabibi waliokwisha kusahau majina ya wajukuu wao lakini wanaokumbuka nani aliolewa na nani, na kwa mahari gani. Naweza kulitaja jina la baba, na la babu, na la babu wa babu, hadi nimfikie mtu wa saba aliyepanda jahazi Omani na kushushwa Unguja na pepo za kaskazi. Najua nani alikuwa na mikarafuu Pemba na nani alifilisika kwa deni. Lakini swali la yule kijana lilinikuta mikono mitupu. Wote wale niliowaandika kwa wino mweusi na kuwapangia mistari, sikujua hata mmoja alikufa kwa maradhi gani. Nikasema, "Sijui." Akaandika alichoandika, nami nikatoka nje kwenye theluji nikiona haya ambayo sikuwahi kuiona tangu utotoni.

Kwani katika familia zetu watu hufa kwa nini? Hufa kwa "uzee". Hufa kwa "kiuno". Hufa kwa "baridi", kwa "homa ya ghafla", kwa "siku zake zilikwisha". Nilipopigiwa simu mwaka 1991 kuambiwa kwamba baba ametangulia mbele ya haki huko Mombasa, nilielezwa kuwa kiuno kilimsumbua miezi mingi, na kwamba mkojo nao ulikuwa na tabu kidogo. Nikasema Innaa lillaahi, nikalia, nikapokea taazia, wala sikuuliza zaidi. Kuuliza zaidi kungekuwa utovu wa adabu.

Jioni ile ya kliniki nilimpigia simu ami yetu mdogo aliyeko Maskati. Nikaanza kwa mbali, kwa habari za afya na za mvua, kisha nikamuuliza: baba aliugua nini hasa? Kimya kilikuwa kirefu hata nikadhani laini imekatika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyezungukwa na watu: "Daktari alisema ni tezi dume, na ilikwishaingia mifupani. Tukakubaliana tusiwaambie watoto." Akanyamaza tena. "Na mimi pia, mwanangu. Nimetibiwa. Sasa yapata mwaka wa tisa. Hata bi mkubwa wako hajui jina lake."

Usiku uleule nilimpigia kaka yangu wa Dubai. Alicheka mwanzoni, kisha akakiri kuwa kwa miaka minne alikuwa akiamka kila usiku mara nne, mara tano, na kwamba safari za gari ndefu alikwisha kuziacha kwa visingizio mbalimbali. Kiuno kilikuwa kikimuuma tangu mfungo wa Ramadhani uliopita. Alikwenda kupimwa wiki ile. Ilikuwa imekwishaingia mifupani, kama ya baba. Dawa zilimpa nafuu ya muda, na Mola akampa miezi kumi na minne zaidi. Alizikwa na watoto wake, nami nikamsalia sala ya ghaibu hapa Toronto.

Simlaumu ami. Alifanya alivyofunzwa na waliomlea, naye leo analia kuliko sisi sote. Lakini nimeapa kuwa sitakufa kabla sijaandika maneno haya, nayo ni haya: shajara isiyotaja maradhi ni shajara pungufu, na ukimya tunaouita heshima umeua watu wetu.

Turudi kwanza kwenye kiungo chenyewe, maana wengi wetu tunakiogopa bila kukijua. Tezi dume ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mwanamume, na njia ya mkojo hupita katikati yake kama uzi upitao katika ushanga. Ujanani ukubwa wake hauzidi sana ule wa kokwa ya kungumanga. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Kadiri mtu anavyozeeka, tezi hii hukua. Takriban nusu ya wanaume waliofika miaka sitini huwa imekwisha kukua, na kwa waliovuka themanini ni karibu wote. Hilo si saratani, wala halizai saratani. Ni kama mvi. Ila kwa kuwa inaizunguka njia ya mkojo, huibana. Ndipo mtu anapokawia kuanza, mkojo ukawa mwembamba na wa kukatikakatika, akahisi kibofu hakikumalizika, akaamka usiku mara kwa mara.

Saratani ya tezi dume ni jambo jingine, na hila yake ni kwamba mwanzoni kwa kawaida haina dalili yoyote. Mtu aweza kukojoa vizuri kama kijana naye anayo. Inapofika kwenye maumivu ya kiuno na nyonga, mara nyingi imekwisha kusafiri. Kwa hiyo aliyesema "mimi sina tabu, ya nini kupimwa?" hajajibu swali. Na yule anayeamka usiku akadhani amekwisha, naye pengine anajitisha bure. Wote wawili hawana pa kujulia ila kwa daktari.

Basi kwa nini hatuendi? Nimesikia majibu mengi, na karibu yote yanarudi kwenye neno moja: stara. Nalipenda neno hili. Nimelelewa nalo. Lakini stara ni kufunika aibu ya mtu mbele ya wasiohusika. Si kumficha mgonjwa mbele ya tabibu wake, wala kumficha baba mbele ya wanawe wenye damu ileile. Tumeigeuza stara kuwa kificho, na kificho kina gharama. Kuna pia hofu ya kile kipimo cha kidole, ambacho barazani kwetu kimekuwa kichekesho kuliko chochote. Nawaambieni, kinachukua muda mfupi kuliko kuagiza kahawa, na siku hizi madaktari wengi huanza na kipimo cha damu kiitwacho PSA, na huenda cha kidole kisihitajike kabisa.

Wazee wetu wana huzuni nyingine wasiyoisema, nayo ni ya ibada. Nimemwona mzee akiacha kusali tarawehe msikitini kwa kuwa hawezi kukaa safuni bila kutoka, na mwingine akiacha jamaa kabisa kwa kuogopa tone litakalomharibia udhu. Wanazuoni walikwisha kulizungumza jambo hili karne nyingi kabla yetu: asiyeweza kuuzuia mkojo ni mwenye udhuru, hujisafisha na kujikinga, akatawadha kwa kila wakati wa sala, akasali. Dini iliweka nafasi kwa mgonjwa huyu. Sisi ndio tuliomfungia mlango kwa kutolitaja.

Tazameni mfano wa mwezi mmoja tu. Mwezi wa Januari 2024, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin, alilazwa hospitali kwa matatizo yaliyofuata upasuaji wa saratani ya tezi dume, na kwa siku kadhaa hata Rais wake hakuambiwa. Baadaye alisimama mbele ya waandishi akaomba radhi, akasema alipaswa kusema. Mwezi huohuo Mfalme Charles wa Uingereza alitangaza wazi kuwa anakwenda kutibiwa tezi iliyokua, ili wanaume wengine wapate moyo wa kujiangalia. Wote wawili walikuwa na vyeo vya kuficha wakitaka. Mmoja alificha, ikawa fedheha. Mwingine akasema, ikawa msaada kwa watu asiowajua. Na kabla yao, Askofu Desmond Tutu aligunduliwa na saratani hii mwaka 1997, akaizungumza hadharani, akaishi hadi 2021. Nelson Mandela aligunduliwa nayo mwaka 2001, akatibiwa kwa mionzi, akaishi hadi 2013 akiwa na miaka 95. Wala hakuna aliyewaona wamepungukiwa uanaume.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu mtanikasirikia.

Shajara yetu, kama shajara nyingi za Waarabu wa pwani, imefuata waume. Fulani bin fulani bin fulani. Wanawake wametajwa pale tu walipokuwa mabinti wa watu wakubwa. Bibi aliyetoka bara, bibi aliyekuwa suria, bibi wa Kihadimu aliyeolewa shamba na watoto wake wakachukuliwa mjini, hao tumewaacha nje ya karatasi, au tumewaandika "Ummu" wa mtoto wao, bila jina. Tumefanya hivyo kwa kiburi, tusijidanganye. Lakini mwili hausomi karatasi tulizoandika. Damu ya mabibi hao imo ndani yetu sawasawa na ya yule babu wa jahazi, na matabibu wanatueleza kwamba wanaume wenye asili ya Kiafrika hupatwa na saratani hii zaidi, na mara nyingi wakiwa na umri mdogo zaidi. Huko Uingereza hukadiriwa kuwa mwanamume mweusi mmoja kati ya wanne ataipata maishani, hali kwa wanaume wote ni mmoja kati ya wanane. Anayejaza fomu ya daktari na kuandika "Mwarabu" peke yake, kisha akanyamaza, pengine amejinyima tahadhari aliyostahili.

Isitoshe, baadhi ya kasoro za kurithi zinazoleta saratani ya matiti na ya ovari kwa wanawake ndizo hizohizo zinazomzidishia mwanamume hatari ya saratani ya tezi dume, na aweza kuzipokea kwa mama au kwa baba. Shangazi aliyekufa kwa "uvimbe wa kifua" ana habari muhimu kwa mpwa wake wa kiume. Tulimwacha nje ya shajara, tukaiacha nje na habari yake.

Na uhamaji nao umetuongezea giza. Waliotoka Unguja baada ya Januari 1964 walitoka na walichoweza kukibeba: hati, dhahabu kidogo, picha chache, Msahafu. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa kubebwa. Majirani zetu hapa, waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 na kuja kujenga maisha mapya Don Mills na Flemingdon Park, walitoka hivyohivyo. Hakuna aliyepakia cheti cha daktari sandukuni. Kisha wengine wakaenda Omani baada ya 1970, wengine Uingereza, wengine huku. Kila tawi likaugua peke yake, likatibiwa kwa lugha nyingine, likazika kimya. Katika miezi sita ya kupiga simu nimegundua kuwa katika kizazi cha baba zetu na chetu wapo wanaume saba waliopatwa na maradhi haya, katika nchi nne, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Mtaniuliza: basi unataka kila mwanamume akimbilie kupimwa? Hapana. Mimi si tabibu, na jambo lenyewe lina pande mbili. Kipimo cha PSA si hukumu. Hupanda kwa saratani, lakini pia kwa uambukizo au kwa tezi iliyokua tu. Mwaka 2014 jopo la taifa la Kanada linaloshauri juu ya kinga lilipendekeza wanaume wasio na dalili wasipimwe kwa mkumbo, kwa hoja kwamba wengi hutishwa bure, na wengine hutibiwa saratani ambazo zisingewadhuru kamwe, wakabaki na tabu ya kuzuia mkojo au udhaifu wa nguvu za kiume. Na kwa miaka mingi bima ya afya ya Ontario haikulipia kipimo hiki kwa asiye na dalili wala shaka ya daktari. Madaktari bingwa wa njia ya mkojo wa Kanada wao wana maoni mengine: mwaka 2022 walishauri kipimo kianze kwa wengi wakifika miaka 50, na miaka 45 kwa walio katika hatari zaidi. Mwenye baba au kaka aliyeugua hatari yake huzidi maradufu. Yaani hoja yote inageukia swali lile nililoshindwa kulijibu. Asiyejua habari za ukoo wake hawezi hata kujua yumo katika kundi gani.

Na hofu ya kutibiwa kupita kiasi ina jibu, tena limezaliwa hapa jirani. Katika hospitali ya Sunnybrook, mwendo mfupi tu kutoka Don Mills, Dk. Laurence Klotz na wenzake walianza katika miaka ya 1990 kuwafuatilia wanaume wenye saratani ya daraja la chini bila kuwapasua wala kuwachoma mionzi, wakiwapima kwa nyakati maalumu na kuingilia kati pale tu ugonjwa unapobadilika. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2015 yalihusu wanaume 993. Waliokufa kwa saratani yenyewe walikuwa 15. Njia hiyo leo inafuatwa duniani kote. Kwa hiyo kupimwa si lazima kuishie kwenye kisu.

Nami nayajua haya si kwa kusoma tu. Baada ya simu ya ami nilirudi kwa daktari yule kijana na jibu kamili. Akanipima. Kipimo kilikuwa juu kidogo, nikapigwa picha ya MRI, nikachukuliwa vipande vidogo vya nyama, na ikaonekana ninayo, ndogo, ya daraja la chini. Mimi ni mmoja wa wanaoangaliwa. Nafanya kazi, nasali, natembea bondeni kando ya mto Don kila jua linapotoka. Ndugu wengi wa ukoo mtalisoma jambo hili hapa kwa mara ya kwanza. Nimetanguliza wanangu watatu. Waliambiwa mezani, tukila, mbele ya mama yao.

Kwa wazee wenzangu nitaongeza machache ya kila siku. Chai na kahawa ya baada ya Isha ndiyo inayowaamsha saa nane za usiku, isogezeni mapema. Jihadharini na dawa za mafua zinazouzwa madukani bila cheti wakati wa baridi: nyingi zina viambato vinavyoweza kuuziba mkojo kabisa kwa mwenye tezi iliyokua, na mkojo ukiziba ni jambo la kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Damu katika mkojo isisubiri. Tembeeni, punguzeni uzito, acheni sigara. Wala msinunue kila chupa inayosifiwa. Vitamini E ilisifiwa sana, hata ulipofanywa uchunguzi wa wanaume zaidi ya 35,000 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico ikaonekana, mwaka 2011, kuwa waliomeza dozi kubwa walipata saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17. Hata gome la ule mti wa milima yetu, Prunus africana, uotao Mlima Kenya na Kilimanjaro na unaonunuliwa na Wazungu kwa dawa ya tezi, tafiti ndogo zimeonyesha latoa nafuu ya kiasi kwa mkojo wa tezi iliyokua; halitibu saratani. Dawa ya miti si adui, ila isiwe pazia la kumkwepa daktari.

Basi ombi langu kwenu ni hili. Katika shajara yetu nimeongeza safu moja mpya mbele ya kila jina: alifariki kwa nini, na akiwa na umri gani. Nimeongeza na mabibi wote ninaowajua, kwa majina yao, wa Omani na wa bara sawasawa. Safu hiyo haitatangazwa hapa. Itabaki kwa watu wa ukoo, na hakuna atakayelazimishwa. Hiyo ndiyo stara ninayoijua mimi. Kila mmoja wenu aulize nyumbani kwake mzee mmoja, kwa adabu, akianza kwa mbali kama nilivyoanza, kisha aniletee alichoambiwa. Kama ni "kiuno", andikeni "kiuno", na mwaka. Hata hilo ni kitu.

Mbele ya jina la baba nimekwisha kuandika. Mbele ya jina la kaka yangu nimeandika pia. Mbele ya jina langu nimeandika ugonjwa, nikaiacha tarehe wazi.